Neno la Kukodi

Brooks, Alberta. Februari. Baridi ya kung'oa masikio.
Shule imeniita, malipo ya saa mbili,
nikae katikati ya lugha mbili
juu ya kiti cha watoto ambacho magoti yangu yamekikataa.

Mezani, kitabu. Jalada la buluu,
mvulana wa kofia ndefu, kijiti mkononi,
na joka limejikunja miguuni pake kama paka.

Akaanza Bwana Wiebe, mkulima, viganja kama majembe.
Hakufoka. Alisema nyumbani kwake
vitu hivi havisomwi, wala babu yake hakuvisoma,
Kumbukumbu la Torati imekataza, sura ya kumi na nane,
na rafu hii imesimama kwa kodi yake.
Nikatafsiri. Hilo lilikuwa jepesi:
Torati tunayo sote.

Kisha Bi Halvorsen, mkutubi, akatamka neno moja.
Kwake ni neno la kofia na vumbi la nyota,
la watoto wa Oktoba wanaoomba pipi mlango kwa mlango.
Likafika ulimini mwangu, likagoma.

Niseme nini? Mchawi?
Mchawi kwetu havai kofia, wala hana shule ya bweni.
Mchawi ni jirani. Shamba lake limepakana na lako.
Ni mjane, macho mekundu kwa moshi wa kuni,
na wekundu huo ndio ushahidi.
Mganga? La, huyo anatibu.
Mlozi ni yule yule, kabadili shati.
Wa mazingaombwe? Huyo hutoa njiwa mfukoni,
akapigiwa makofi, akapitisha bakuli.
Ndumba, sihiri, kiinimacho:
kabati zima la maneno
na hakuna hata moja lenye mbawa.

Wananisubiri. Saa ya ukutani inanilipa.
Nikasema: mchawi.

Mama Nabintu akainua uso.
Ametoka zamu kiwandani, kwenye nyama,
sabuni haijaishinda harufu ya mafuta ya ng'ombe.
"Dada yangu Cibalonza waliitwa kumtazama," akasema,
"Jumanne, mtoto wa jirani ana homa.
Wakamwita hivyo. Ijumaa nyumba haikuwepo.
Yeye tulimkuta mtoni, kwenye matete.
Na ninyi neno hilo mmelichorea picha,
mkampa binti yangu alale nalo?"

Nikatafsiri, sentensi kwa sentensi, sauti ya karani.
Bi Halvorsen alivua miwani asiifute.
Bwana Wiebe akaviangalia viganja vyake.
"Mimi," akasema, "sikuwa na maana hiyo,"
na hakuendelea, wala mimi sikumjazia.
Maana neno lililoingia na kiberiti
halikuwa lake wala la mkutubi.
Nililileta mimi.

Ndipo Asifiwe, miaka tisa,
aliyekuwa zuliani akichezea zipu ya koti,
akasema kwa Kiswahili cha kwao, bila kukodiwa:
"Mama, huyu si yule.
Huyu anaogopa giza. Joka ni la bibi yake.
Nilifika ukurasa wa tisini,
kijiji kimekuja na mienge, wamezunguka nyumba."
"Akatoka?"
"Sijui. Walikichukua kabla sijamaliza."

Heta ikakohoa. Mwenyekiti akakunja karatasi:
kura imesogezwa hadi Machi,
ahsanteni kwa kuja, barabara ina barafu.
Nikatia saini fomu yangu. Saa mbili kamili.

Nikiwa naifunga skafu, mkono ukanishika kiwiko.
Nabintu, na kitabu, amekishika kwa ncha za vidole
kama chungu kilichotoka jikoni.
"Tisini," akasema. "Nisomee hapo.
Lile neno usiliseme. Tafuta jingine."

Nikakaa tena kwenye kile kiti kidogo.
Bwana Wiebe, kofia mkononi, alikuwa mlangoni,
hajui Kiswahili hata salamu,
na hakuondoka.
Nikafungua. Nikameza mate.
"Mtoto yule," nikaanza.